Kibati cha Tela la Kristofa

Mafundi tela wa mji huu wa Tanga wanajua kujisifu, na Kristofa amewazidi wote. Akichomelea vyuma viwili vikashikana, atakwambia hata Ulaya hawamwezi. Asubuhi ile alilivuta tela jipya la bluu mpaka mlangoni pangu Ngamiani, yeye mbele, mwenye tela nyuma.

"Shikamoo, mama Mastura. Nigongee kibati. Mzigo andika kilo 1,425."

Kugonga vibati ndiyo kazi yangu. Kibati cha tela kinasema nani kaliunda, linatembelea tairi gani na linabeba kilo ngapi. Herufi za chuma nilizirithi kwa marehemu baba, na sijawahi kugonga namba bila kutazama tairi kwanza. Nikainama. Ubavuni mwa tairi pameandikwa wazi: mwisho kilo 475. Matairi mawili, kilo 950. Toa tela lenyewe, kilo mia tatu, unabakiwa na 650 za mzigo.

"Hiyo namba yako umeitoa wapi, baba?"

"Mia nne sabini na tano mara tatu," akajibu, kifua mbele.

"Mara tatu? La tatu liko wapi?"

Akanionyesha spea, imefungwa nyuma kwa mnyororo na kufuli.

Wallahi! Mtu mzima na ndevu zake, anahesabu tairi linaloning'inia! Kwa hesabu yake, hata jembe lililoegemezwa ukutani linalima. Na uzito wa tela lenyewe hakuukumbuka kabisa. Huyo ndiye fundi tunayemsifia.

Ningemcheka mpaka adhuhuri, lakini mwenye tela alikuwa amesimama pale, mtoto mgongoni. Loveness, mkulima wa machungwa wa Maramba. Nikamwuliza atakaa wapi safarini, maana pikapu ya mumewe ina viti viwili tu, na cha pili ni cha mama mkwe.

"Juu ya magunia, mama. Mimi na mtoto. Kibati kikishasema kilo ngapi, tunajaza hizo hizo."

Kicheko kikaniisha. Niliiona miteremko ya njia ya Maramba, nikamtazama yule mtoto aliyelala mdomo wazi, na hasira ikanipanda.

"Fundi, hapa ni 650."

"Mama, wewe gonga tu. Mambo ya tela tuachie wanaume. Usipogonga, mtaa wa pili yuko anayegonga bila maswali."

Na kweli yuko. Huyo hata tairi hainamii kulitazama. Nikikataa, Loveness ataondoka na namba ile ile.

"Haya," nikasema. "Nakugongea yako."

Akacheka meno yote nje. Nikalaza kibati juu ya fuawe, ila sikuanza na kilo. Nilianza na mstari wa juu, wa muundaji. K. R. I. S.

"Unaandika nini tena?"

"Jina lako. Na namba yako ya simu. Tela likipinduka, watu wajue wa kumpigia."

Meno yakarudi ndani. "Ah, mama, jina si lazima. Hapo paache wazi tu."

"Ni lazima. Kibati bila muundaji mkaguzi hakipokei, na wewe unajua."

Akalitazama tairi, akaitazama spea, akajifuta jasho shingoni. "Basi... hizo kilo punguza. Gonga ile yako."

Ilimchukua herufi nne tu kujifunza hesabu.

Loveness akamsogelea Kristofa, akamfungua mtoto mgongoni na kumpakata kifuani.

"Fundi, kumbe jina lako linaogopa kupanda tela hili. Mwanangu je, ulitaka apande?"

Nikamalizia T, O, F, A, kisha namba ya simu, kisha 650, na kila nyundo iliposhuka Kristofa alifumba macho.