Mbavu Zilizorudishwa Jikoni

Hezroni, shemeji yake, alituma ujumbe tangu Alhamisi: Jumamosi saa saba tunakuja na mama, mtoto afungashe nguo zake. Ambilikile aliusoma mara nne. Kila mara jicho lake liligota kwenye neno lile lile, afungashe, kana kwamba kesi imeshahukumiwa huko Makwale kwa wakwe zake na yeye wa Ikolo ni wa kupewa taarifa tu.

Lakini hawakukubaliana hivyo. Siku ya kuanua matanga ya mke wake, Lucy, wakwe zake walisema mwanamume peke yake hawezi kulea mtoto wa kike wa miaka minane, lakini wangempa miezi sita. Miezi ikiisha, mama mkwe angekuja aone kwa macho yake. Akikuta mtoto anakula chakula cha watu, Anyisile abaki na baba yake. Akikuta vinginevyo, anahamia kwa bibi. Sasa miezi imeisha, na Ambilikile alikuwa macho tangu alfajiri kama mtu anayesubiri kuitwa mbele ya baraza.

Aliamua kupika mbavu za nguruwe. Mama mkwe alizipenda, na ndani kulikuwa na ile mashine ambayo binti mkubwa wa Ambilikile, Jubilate, aliituma kwa basi kutoka Dar es Salaam, alikokuwa akifanya kazi ya jikoni hotelini. Eafraya, ndivyo ilivyoitwa, ya umeme, inaivisha chakula kwa upepo wa moto. Majirani waliiita sanduku la upepo.

"Baba, ni rahisi," Jubilate alimwambia kwenye simu asubuhi. "Kata mbavu mbilimbili zienee kwenye droo. Chumvi, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu. Washa digrii mia na tisini, dakika arobaini. Zikifika ishirini unageuza. Ile rojo ya nyanya na asali unapaka mwishoni, zikibaki dakika saba, la sivyo sukari inaungua."

"Na umeme ukikatika?"

"Baba, usianze."

"Nimeuliza tu. Ninyi huko mnakaa na wakubwa, hamkatiwi."

Gari la matangazo lilipita juzi likisema wiki hii hakuna mgao. Ambilikile hakuliamini. Aliyeandika tangazo lile ana jenereta nyuma ya nyumba yake, umeme ukikatika yeye wala hajui. Mwenyekiti wa kitongoji naye aliapa kwamba Jumamosi umeme upo. Yule aliwahi kuapa na kuhusu daraja, na mpaka leo watu wanavuka kwenye gogo.

Karibu saa sita alizipanga mbavu. Zilikuwa nzuri, pana, na mhuri wa zambarau wa mkaguzi bado ulionekana kwenye ngozi ya pembeni. Aliutazama mhuri kwa chuki. Alimjua mkaguzi yule. Alikuwa anafika na pikipiki, hashuki vizuri, anagonga mhuri, anaondoka. Ulimi wa nguruwe hafunui kuangalia ugonjwa, nyama hachani.

Kosa lake likawa hili. Lucy hakuwahi kupika nyama bila kutandika jani la mgomba ndani ya sufuria, chini ya nyama, na lingine juu, isikauke, isishike moto. Ambilikile akaona mashine ile inavyotoa upepo mkali, akasema moyoni nyama itakauka kama kuni. Akatandika jani ndani ya droo, chini ya mbavu, akafunika lingine juu, akasukuma ndani.

Dakika kumi na tano hazikufika, moshi ukaanza kutoka nyuma ya mashine. Anyisile, aliyekuwa anafagia, akachungulia mlangoni.

"Baba, sanduku linavuta sigara."

Alivuta droo. Jani la juu lilikuwa limepeperushwa na upepo likanasa kwenye waya wa moto, limekuwa jeusi. La chini lilikuwa limeziba matundu yote, na mbavu zimelala juu yake, nyeupe, zinatoka maji. Alinyofoa majani kwa vidole, akaungua, akafuta, akawasha tena. Arobaini mpya. Saa ilikuwa sita na robo. Akapiga hesabu, akaona itawahi, kwa shida.

Haikuwahi. Dakika ya kumi na nane feni ilinyamaza. Taa nyekundu ikazimika. Redio ya jirani nayo ikakatika katikati ya neno. Ambilikile alibaki ameshika mpini wa droo, anawatukana kimoyomoyo watu wote wa ofisini tangu wilaya mpaka huko juu, na kabla hajamaliza orodha akasikia bajaji inasimama barabarani, saa saba hata haijafika.

Mama mkwe alishuka taratibu, kitenge kipya, mkoba kwapani. Hezroni, mwanawe wa kwanza, alimfuata akiwa na begi tupu la nguo. Begi lile Ambilikile aliliona kabla hajaona uso wa mtu.

"Ugonile, shemeji," Hezroni alimsalimu. "Naona umekonda. Wewe ndiye wa kuhamia kwetu."

"Karibuni. Ndaga, asanteni kwa kufika."

Mama mkwe alijibu salamu akiwa ametazama migomba, naye Ambilikile alimsalimu akiwa ametazama chini. Kwao mtu na mama mkwe wake wanaongea hivyo, kila mmoja upande wake, mkono haukutani na mkono.

"Harufu hii ni ya hotelini," Hezroni alisema akivuta kiti barazani. "Nimekuja na njaa makusudi."

Jikoni Ambilikile alichoma kisu kwenye ubavu mnene. Juu ulikuwa umeanza rangi. Kwenye mfupa kukatoka maji ya waridi. Angewasha kuni, ingekuwa saa nzima na zaidi, na wangesema ndiyo hayo tuliyosema, wageni wameshafika, ndipo moto unawashwa. Alitazama sufuria ya rojo iliyokuwa juu ya jiko la mkaa lililokwisha kuzima, nyekundu, nzito. Akaimwaga yote juu ya mbavu. Ziling'aa vizuri sana. Nani angejua?

Akazipeleka. Anyisile aliwanawisha bibi yake na mjomba wake, naye akanawa, akakaa. Hezroni alisifu rangi. Bibi alichagua ubavu mmoja, akautazama. Anyisile akachukua wake, mdogo, akaupuliza.

Ambilikile alimtazama mtoto akipuliza. Alikuwa anamuona Lucy sakafuni, macho juu, povu mdomoni, na maneno ya daktari yale ambayo hakuwahi kumwambia mtu wa Makwale hata mmoja. Aliwaambia ni kifafa tu, cha Mungu.

"Weka chini," alisema.

Anyisile akasita. Bibi alikuwa ameshaufikisha mdomoni. Ambilikile aliinuka, akanyoosha mkono, akaunyakua ubavu kwenye vidole vya mama mkwe wake, rojo ikamdondokea kwenye kitenge kipya.

Hezroni alisimama. "Shemeji, umelewa?"

"Haijaiva."

"Nyama haijaiva ndiyo unamgusa mama mkono?"

"Haijaiva, nimeificha na rojo. Umeme umekatika." Alikusanya mbavu zote kwenye sinia, hata ule wa Hezroni, na akajua lililobaki lazima lisemwe. Likisemwa, mtoto huenda anaondoka na begi lile. "Lucy hakufa kwa kifafa tu. Daktari alisema kichwani mwake mlikuwa na minyoo ya nguruwe. Mtu akila nyama mbichi anapata mnyoo tumboni. Asiponawa akitoka chooni, mayai ya mnyoo yanaingia kwenye chakula cha wenzake, yanapanda mpaka kwenye ubongo. Mkaguzi hakagui. Nilikwenda ofisini kwao mara tatu, nikaambiwa njoo kesho."

"Kwa hiyo ni nyumbani kwako," Hezroni alisema polepole. "Dada yetu aliyapata humu kwako. Na ukatuficha."

"Huenda ni mimi. Nilikuwa nakula kilabuni, nyama ya kubabua. Sijui. Nimelala na hilo jambo tangu azikwe."

Mama mkwe alifuta rojo kwenye kitenge kwa kidole, akafuta tena pasipo na kitu.

"Kuni ziko wapi?" aliuliza, bado anatazama migomba.

"Nyuma ya nyumba, mama."

"Chemsha mpaka nyama iachie mfupa. Tunakaa."

Walikaa. Ambilikile alipuliza moto mpaka macho yakamvimba. Zikachemka saa nzima na robo. Barazani alisikia Hezroni akinong'ona na mama yake, kwa hasira, kisha sauti ya bibi ikimuuliza Anyisile unanawa na nini ukitoka chooni, nani alikufundisha, nioneshe. Wakaenda wote wawili nyuma ya nyumba. Alitamani kuchungulia, akaogopa.

Umeme ulirudi saa tisa kasoro. Alizipaka rojo mpya, akazirudisha kwenye mashine dakika saba, bila jani. Zilitoka zimekauka pembeni, zinanata. Alikata kila moja mpaka mfupani kabla ya kuzipeleka, nyama ikawa ya kijivu yote. Safari hii mama mkwe alikula mbavu tatu. Hezroni alikula tano.

"Jumatatu," mama mkwe alisema akinawa, "mnakwenda zahanati, wewe na mtoto, mnaomba wawapime, mpewe dawa ya minyoo. Na wewe, Hezroni."

"Mimi? Mimi nina nini?"

"Umekula nguruwe na huyu kilabuni miaka kumi. Na unanawa kwa kulowesha vidole, nimekuona leo."

"Mama, tulikuja kwa habari ya mtoto."

"Mtoto ananawa kuliko wewe. Atabaki." Kisha kwa Ambilikile, akiwa ametazama migomba kama kawaida: "Mwanangu amekufa na mimi sikujua kimemuua nini. Hilo sijakusamehe. Kila mwisho wa mwezi nitakuja. Siku ukinificha tena, nakuja na begi."

"Ndiyo, mama."

Hezroni alikunja begi akalitia kwapani. Ambilikile aliwasindikiza mpaka barabarani, hatua kumi nyuma ya mama mkwe, na alipoanza kupumua vizuri akakumbuka kwamba mwisho wa mwezi ni siku kumi na tisa tu.