Picha ya Kifua

Siku binti yake alipotoka nyumbani asirudi tena, Dije alikaa naye kwenye benchi la hospitali akimsikiliza anavyohema. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Miguu ilimvimba hadi viatu vikakataa kuingia. Kulala chali alishindwa. Alisinzia ameketi, mgongo ukutani.

Daktari, mwanamke kijana, alimwekea kifuani kipimo cha kusikilizia moyo. Akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena.

"Moyo wake haupigi sawasawa. Nataka picha ya kifua leo hii, halafu tuupime moyo wenyewe."

"Picha?" Gwaggo Tabawa, mama mkwe wa binti, alijifunga upya mtandio. "Mionzi imuunguze mjukuu wangu? Kwani wewe daktari umeshazaa?"

"Tumbo tutalifunika, mama. Mionzi yenyewe ni kidogo sana. Tukimwacha hivi, ndipo tutawapoteza wote wawili."

"Mimba gani haibani pumzi? Mimi nimebeba tisa huku natwanga mtama. Mumewe yuko Lagos anauza vitunguu, simu haipatikani. Asubiriwe."

Daktari akamgeukia mgonjwa. "Dada, wewe mwenyewe wasemaje?"

Binti alimtazama mama mkwe, akainamisha kichwa.

"Chumba cha picha hawampigi mjamzito mpaka ndugu akubali," daktari alisema. Sauti yake ilikuwa imeanza kuchoka. "Mama mzazi yuko wapi?"

Dije alivuta mtandio usoni. Huyu alikuwa mtoto wake wa kwanza. Tangu amzae hajawahi kumwita kwa jina, wala kumbeba mbele za watu. Ndivyo mila ya kumwonea haya mtoto wa kwanza ilivyotaka, na ndivyo mama yake mwenyewe alivyomlea. Kumtetea hapa, mbele ya wakwe, kungekuwa sawa na kuvua nguo sokoni.

"Si huyu hapa!" Gwaggo Tabawa akacheka. "Muulize, utakesha. Mwenzio ana adabu zake."

Daktari alimsubiri Dije. Dije alitazama sakafu.

Waliondoka na vidonge vya kupunguza maji mwilini. Binti alikata roho ndani ya gari la kukodi, kabla hawajafika mtaani, ameketi vilevile, na mtoto tumboni.

Arobaini imekwisha. Wakwe wameleta kola, kokwa chungu za posa: kwa mume yuleyule wanamtaka Rakiya, mdogo wa marehemu, mwenye miaka kumi na mitano. Babake amezipokea, na Dije amezigawa kwa majirani. Ndoa ni Ijumaa.