Albamu ya Marehemu Arzell Tubbs

Hapa kwetu Duffey, Mississippi, mzungu mgeni akija na tai shingoni na daftari mkononi, akamuulizia mtu kwa majina yake yote mawili, jibu ni moja: alikufa. Hatuulizi anamtakia nini. Na aliyeulizwa kwanza akishajibu, amejibu kwa niaba ya mji mzima. Hakuna wa kumpinga mbele ya mgeni, hata kama marehemu amekaa chumba cha pili anakula.

Kwa hiyo kiangazi cha mwaka 1971, kijana mmoja aitwaye Warren Strand aliposhuka garini mbele ya duka la kinyozi na kuniuliza kama namjua Arzell Tubbs, sikufikiri hata kidogo.

"Alikufa, bwana. Mwaka sitini na sita. Kifua."

Akaenda kwa muuza duka, akaambiwa alikufa. Akaenda kwa Dada Idella Crump, mama mkubwa wa kanisa letu, naye akatoa leso, akalia machozi ya kweli, akasema siku ya mazishi mvua ilinyesha mpaka jeneza likaelea. Muda huohuo Arzell alikuwa nyuma ya nyumba ya Idella anaparua samaki. Jioni tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye alicheka kutushinda sote, maana mwaka uliotangulia alimtandika ngumi msimamizi wa shamba moja la pamba, na alidhani kijana yule ametumwa kumkamata.

"Ahsante kwa kuniua, Hosie," akaniambia, na akanipa samaki wanne.

Kumbe Strand hakutumwa na mtu. Alirudi kesho yake akanieleza kwamba amepata, huko Chicago, kanda za nyimbo kumi na mbili za bluzi zilizorekodiwa Memphis mwaka 1949 na hazikuwahi kutolewa. Sauti ni ya Arzell Tubbs, na gitaa la kwanza ni lake. Anataka kuzitoa kama albamu. Lipo na gitaa la pili, akasema, ila mpigaji hajulikani.

Huyo asiyejulikana ni mimi. Hosie Mabry. Nilikaa na Arzell goti kwa goti katika chumba kile cha Memphis, nikawa namjibu kwa gitaa kila mstari aliouimba, na mtu wa kuandika majina kwenye boksi la kanda hakuniuliza langu.

Hapo ndipo ningesema, "Bwana, tulikuwa tunatania, Arzell yu hai." Maneno hayo machache tu. Badala yake nikasema, "Gitaa la pili ni mimi." Kijana akanishika mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga. Sitadanganya, nilijisikia vizuri sana. Nikampigia soga saa tatu nzima: marehemu alikuwa hivi, marehemu alipenda vile.

Albamu ilifika mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Nyuma ya jalada wameandika: Arzell Tubbs, 1918 hadi 1966. Chini yake: Hosie Mabry, gitaa la pili, shahidi pekee aliye hai. Nikalitundika lile jalada ukutani, juu ya kitanda.

Arzell alikuja kwangu na nakala yake kwapani. Siku hiyo hakucheka.

"Nimeisikiliza, Hosie. Ni mimi kabisa. Nilijua walishazitupa zile kanda."

"Ni wewe, ndugu yangu."

"Nasikia wanakupeleka Michigan, kwenye tamasha. Wewe uliyekuwa unaitikia! Mimi niliyeimba nimeoza kaburini. Basi nifufue."

"Strand akija nitamwambia."

"Niapie."

Nikamwapia. Alinihitaji, na nilijua hivyo. Mashine ya kuchambulia pamba ilikuwa imemla vidole viwili vya mkono wa kushoto, kwa hiyo hata angepewa gitaa asingeweza kuthibitisha kitu.

Strand alikuja mwezi wa sita kunichukua. Alinikuta barazani, Dada Idella anamenya kunde, kinyozi amekaa ngazini. Arzell akatokea amevaa suti ya Jumapili, kofia mkononi.

"Bwana Strand, mimi ndiye Arzell Tubbs."

Kijana akatabasamu kwa adabu. "Mzee wangu, tangu albamu itoke, wewe ni wa tatu kuniambia hivyo."

Arzell akaimba pale pale uani, amesimama. Lakini aliimba kwa woga, na sauti ya mtu wa miaka hamsini na minne si ile ya santuri. Strand akasikiliza mistari miwili, kisha akanigeukia.

"Hosie," Arzell akasema, "mwambie."

Nililiona akilini lile jalada la ukutani. Niliona maneno yale manne, shahidi pekee aliye hai, yakifutwa, na mimi nikirudi kuwa mtu wa nyuma ambaye hakuulizwa jina.

"Huyu ni Cleve," nikasema. "Anakata majani ya kanisa. Kichwani hayuko sawa. Muache tu, bwana."

Arzell hakunitazama tena. Akamgeukia Idella. "Dada Idella! Juzi tu nimekuparulia samaki! Mtajie jina langu!"

Idella akaitazama tai ya mzungu, akazirudia kunde zake. "Mimi nilishajibu mwaka jana," akasema. Kinyozi akawa anakagua viatu vyake.

Huko Michigan nilipiga yale majibu yangu mbele ya umati, na watu wakakaa wanangoja mtu aanze kuimba. Walipiga makofi ya huruma. Baadaye wapenzi wa albamu wakachanga wakanunua jiwe la kaburi, wakaniomba niwaonyeshe marehemu alipolala. Nikawaonyesha tuta moja lisilo na alama nyuma ya kanisa. Hata sijui ni la nani. Majani ya kanisa kweli anayakata Arzell, na kila Ijumaa anapita taratibu kulizunguka jina lake asilikwaruze.

Mwezi uliopita walikuja wengine, na mashine ya kurekodia. Wakaniketisha kando ya jiwe, wakaniomba nipige wimbo wa kwanza wa albamu. Nikaanza. Mara kutoka kwenye ua wa kanisa, sauti ikaingia mahali pake hasa, mbichi, bila woga safari hii. Vidole vyangu vikaifuata bila kuniuliza, maana kazi nyingine havijui. Tangu Memphis, ukitoa santuri, sikuwahi kuusikia wimbo ule ukiwa mzima, na nilitamani usiishe.

Msichana mwenye mashine akavua vipokea sauti masikioni. "Mzee Mabry, mwambie yule bwana anyamaze kidogo. Tunarekodi."

"Cleve," nikaita, "nyamaza."

Akanyamaza. Akachukua reki yake akaenda upande wa pili wa kanisa, nami nikaendelea kujibu, peke yangu, mpaka kanda ikaisha.