Guelor, Mwambie Baba Yako

Mwelwa alikohoa mara tatu nje ya mlango wake mwenyewe, akasubiri.

Ndani kiti kilisogea, ndoo ikasukumwa, pazia likavutwa. Kisha kikaja kimya cha mtu mzima aliyejificha na anayetaka ijulikane kwamba amejificha kwa heshima. Ndipo Mwelwa akaingia. Juu ya mkeka, katikati ya chumba, alikuwa amewekwa mwanawe Guelor, mwenye umri wa miezi mitatu na siku nne, amelala chali kama kifurushi kilichosahauliwa na msafiri.

Hivyo ndivyo Mwelwa alivyokabidhiwa mtoto kila siku. Mama mkwe wake, aliyeitwa na wote Kambo Albertine, yaani bibi, alikuwa ametoka Kasenga na begi moja na gunia la samaki wakavu, ili amwogeshe mjukuu na kumfundisha binti yake kazi ya umama. Lakini ukoo wa mke ulikuwa bado haujamwingiza Mwelwa, yaani haujampikia kuku na kumtangaza mbele ya watu kuwa sasa ni mtoto wa nyumbani. Walikuwa wanamngoja mjomba Paulin arudi kutoka Kolwezi, na mjomba Paulin hakuwa na haraka. Kwa hiyo sheria zote zilikuwa bado zinafanya kazi. Mkwe na mama mkwe wasitazamane usoni. Wasitajane majina. Wasipeane kitu mkono kwa mkono, hata kijiko, hata mtoto. Usiku Kambo alilala kwa mwenye nyumba, ng'ambo ya ua. Mchana alitawala chumba.

Kuzungumza, walizungumza. Walikuwa na mkalimani.

"Guelor," ilisema sauti nyuma ya pazia, "umwambie baba yako viatu vyake viko na bunga. Anachafua mukeka."

"Guelor," Mwelwa akajibu, akivua viatu vyenye unga, "umwambie kambo pardon."

Guelor hakuwa na la kuongeza. Alikuwa anatazama pembe ya dari.

Pembe hiyo ilikuwa imeanza kumsumbua Mwelwa. Yeye alikuwa fundi wa mashine ya kusaga mahindi hapo hapo mtaani Hewa Bora, na katika mashine hakuna jambo lisilo na sababu: mkanda ukipiga kelele, kuna kitu, unga ukitoka moto, kuna kitu. Mtoto akitazama pembe ile ile asubuhi na jioni kwa wiki tatu, kwa nini kusiwe na kitu? Mwelwa alikuwa amepanda juu ya kiti, akakuta msumari mmoja na utando wa buibui uliohamwa na buibui mwenyewe. Alikuwa amelala kwenye mkeka, shavu kwa shavu na mwanawe, ili atazame kutoka kimo kile kile. Aliona pembe. Uchunguzi ukaahirishwa.

Jioni hiyo mkewe Falonne alirudi kutoka kwenye mkutano wa walimu, akamchukua mtoto, akakaa upande wa kati ambapo mama yake nyuma ya pazia na mumewe karibu na mlango wangeweza kumsikia wote wawili. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika shule moja ya Makomeno, na likizo yake ya uzazi ilikuwa inaisha.

"Lundi nashika kalasi yangu," alisema. "Saa nne watoto wanatoka récréation, dakika makumi mbili. Directrice wa shule anakubali ninyonyeshe pale. Asubuhi kuriya ya umeme haikuye mbele ya midi, mashine inalala, Mwelwa hana kazi. Yeye atamuleta Guelor."

Pazia lilitikisika.

"Mwanaume? Kubeba katoto mu njia? Guelor, umuulize mama yako kama anaanza kugonjwa."

"Mama, banaume ba siku hizi banabeba."

"Ba wapi? Siyabaona." Nyuma ya pazia ndoo ilivutwa, ikakaliwa. "Bon. Lundi nitamubeba miye. Yeye aonyeshe njia tu. Mutoto akifika kwa ziwa ya mama yake kwa saa, ni muzuri, nitarudia kwangu peke yangu. Akikosa, mardi tunapanda kamyo ya Kasenga batatu, weye, miye na katoto, mpaka atajua kukaa mwenyewe."

"Na kalasi yangu?"

"Kalasi iko na miguu? Itakimbia?"

"Iko mwingine anangojea nafasi, mama. Ataichukua mardi ile ile."

Mwelwa alihesabu moyoni: mtoto wa mwenye nyumba alikaa mwenyewe kwa miezi saba. Miezi minne, basi, ya kurudi kwenye chumba hiki na kutokohoa. Naye akajikuta anatazama pembe ya dari, labda kwa bahati tu.

Jumatatu mvua ilinyesha hadi saa tatu, kisha ikachoka. Msafara uliondoka kwa utaratibu uliokubaliwa. Mwelwa alitangulia, akiwa amevaa shati la Jumapili. Hatua ishirini nyuma yake alifuata Kambo Albertine, kilemba kichwani, Guelor mgongoni ndani ya kikwembe, kitenge cha rangi ya machungwa. Suala la kupanda basi halikujadiliwa. Katika basi mkwe na mama mkwe wangebanwa nyonga kwa nyonga, na hilo mjomba Paulin asingelisamehe, hata akiwa Kolwezi.

Kugeuka nyuma hakukuruhusiwa. Kugeuka ni kumtazama mama mkwe usoni, tena barabarani, mbele ya watu. Lakini Mwelwa hakuona shida. Alikuwa na masikio. Kwenye mashine alisikia kokoto ndani ya mahindi kabla haijafika kwenye jiwe, na ndala ya kushoto ya Kambo ilikuwa imekatika kamba na kuungwa kwa waya, hivyo mwendo wake ulikuwa na sauti isiyofanana na ya mtu mwingine: pata, pata-ti. Pata, pata-ti.

Alitembea akisikiliza, na alikuwa na furaha kidogo, kama mtu aliyepewa mashine ngeni kuisoma. Walipita wauza mikate. Walivuka mtaro uliojaa maji ya mvua, juu ya kibao kilichotikisika chini ya miguu yake kikatoa sauti ya meno. Walipita kanisa ambako mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti, akisema un, deux, un, deux, bila kufika trois. Kisha lori likapita, na lilipokwisha kupita, sauti nyuma yake ilikuwa pata, pata.

Waya umeanguka, aliwaza Mwelwa. Jambo la kueleweka.

Ili ahakikishe, alifanya jaribio. Akaongeza mwendo. Ndala nazo zikaongeza mwendo. Akaongeza tena, nazo zikaongeza tena. Matokeo yalimridhisha, na hata alianza kumstahi Kambo, kwa umri ule na mzigo ule.

Alifika kwenye lango la buluu la shule dakika kumi kabla ya saa nne. Akasimama, uso kwenye ukuta, akasafisha koo.

"Guelor, umwambie kambo tunafika."

Ndala zilisimama nyuma yake.

"Guelor, umwambie kambo ni ile mulango ya bleu."

"Papa," ilisema sauti ya msichana, "Guelor ni nani?"

Mwelwa aligeuka. Mbele yake alisimama muuza ndizi, beseni kichwani, jasho usoni, anahema.

"Tangu kwa église unakimbia," alisema muuza ndizi kwa lawama. "Na miye nikasema, uyu papa anajua kitu, ngoja nikimbie naye. Sasa ni nini? Ni mvua? Ni polisi?"

"Ulimuona mama mumoja, na mutoto mu mugongo?"

"Ule wa mutoto analia? Alibakia kwa mutaro. Weye unaisha kupita tu, maji ikabeba kibao. Alikuwa anakuita." Akamtazama toka viatu hadi nywele. "Hausikiyake?"

Mwelwa tayari alikuwa anakimbia.

Alikimbia akiwaza mambo mengi ambayo hayakumsaidia. Kwamba kilio cha mwanawe angekisikia kati ya vilio mia, naye hakukisikia, kwa sababu alikuwa anasikiliza ndala. Kwamba jaribio lake lilikuwa zuri na jibu lake lilikuwa la mtu mwingine. Nyuma yake kengele ya shule ililia saa nne.

Mtaro ulikuwa umepanuka kuliko alivyouacha. Ng'ambo, chini ya mwavuli wa mama muuza kredi za simu, Kambo Albertine alikuwa amesimama uso kando, na Guelor alikuwa analia kwa sauti ya mkanda unaokaribia kukatika.

"Guelor," Kambo alisema kwa kuinua sauti juu ya kilio, "umwambie baba yako niliita. Jina yake siwezi kutaja. Nilisema, ee weye wa mbele. Bantu munane baligeuka. Munane. Yeye hapana."

"Guelor, umwambie kambo sikuweza kugeuka."

"Guelor, umwambie baba yako najua. Ni ile inanikasirisha."

Muuza kredi aliwatazama kwa zamu, huyu na yule, kama mtu anayetafuta huyo Guelor ana umri gani.

Mwelwa aliingia majini na viatu vyake. Maji yalimfika magotini. Alisogea hadi chini ya ukingo wa upande wa pili, akasimama pale, na hapo ndipo wote wawili walipoona tatizo lilivyo. Mtaro haukuvukika kwa goti bovu la Kambo. Ilibidi mtoto avushwe na baba. Na hapakuwa na mkeka. Palikuwa na matope kushoto, matope kulia, meza ya kredi iliyojaa kredi, na mikono minne isiyoruhusiwa kukutana.

Guelor alivuta pumzi, akaanza upya.

Mwelwa alitazama maji. Kisha, bila kumwambia Guelor chochote, akageuka, akampa mama mkwe mgongo, akainama mpaka mgongo ukawa bapa kama meza.

Alingoja. Alisikia fundo la kikwembe likifunguliwa. Alisikia muuza kredi akisema polepole, "Aaa." Halafu uzito ukatua kati ya mabega yake, mdogo kuliko debe la mahindi, wenye joto, unaopiga teke.

"Guelor," sauti ilisema karibu kabisa na kisogo chake, "umwambie baba yako ainame tena kidogo. Vile. Sasa ashike hii ncha ya kikwembe, na ile ya chini ya mukono. Avute. Si vile, haiko mufuko ya bunga. Avute na akili. Akaze pa kifua."

Mwelwa alivuta na akili. Ncha zilimfikia bila kidole kumgusa.

"Sasa aende. Asikimbie, katoto atatapika. Miye nitabakia hapa na huyu mama."

Alivuka, akapanda ukingo, akaenda. Nyuma ya kanisa vijana wawili waliokuwa wanapakia makaa walisimamisha kazi ili wamtazame vizuri.

"Ee mama," mmoja aliita, "katoto kako na miezi ngapi?"

"Tatu na siku nane," Mwelwa akajibu kwa uangalifu, maana swali lilikuwa la haki.

Waliendelea kucheka hadi alipopinda kona, lakini yeye alikuwa ameanza kusikiliza kitu kingine. Kilio kilikuwa kimepungua, kikawa kwikwi, kikawa pumzi. Shavu lilikuwa limebandikwa kwenye uti wa mgongo wake, na kila alipotembea hatua kumi lilihama, kushoto, kulia, kushoto. Nani alimfundisha kwamba mgongo una pande mbili?

Falonne alikuwa nje ya lango, amefumbata mikono, na wanafunzi wake walikuwa wametoa vichwa kwenye nondo kama kuku.

"Mama iko wapi?"

"Kwa mutaro."

"Ulimuacha?"

"Alinituma." Mwelwa aliinama ili amshushe mtoto. "Zinabakia dakika ngapi?"

"Tano."

Zilitosha kunyonya upande mmoja. Kengele ilipolia Guelor hakutambua mamlaka yake, akaendelea, na directrice aliyekuwa anapita akatazama saa yake ya mkononi kwa muda mrefu sana, mpaka mtoto akaachia mwenyewe. Kisha akaenda zake.

Baba na mwana waliporudi mtaroni, mtu alikuwa ameleta kibao kipya. Kambo Albertine alikaa kwenye kiti cha muuza kredi, anatafuna hindi la kuchoma, na alipomwona mkwe akaficha hindi chini ya kilemba kilichoanguka begani na kutazama ukuta.

"Guelor, ulikula?"

Guelor alicheua. Ilikuwa mara yake ya kwanza kujibu mwenyewe, na pande zote mbili ziliridhika na jibu. Kambo akainuka, akatangulia njia ya nyumbani ambayo sasa aliijua. Pata, pata-ti. Mwelwa alivuka kibao, akafuata hatua ishirini nyuma, Guelor mgongoni. Juu ya Kasenga halikusemwa neno lolote, na Mwelwa hakujua kama dakika tano kati ya ishirini zilihesabiwa kuwa ni kufika kwa saa.

Jumanne saa moja lori la Kasenga lilikuwa limejaa chumvi. Falonne alikuwa ameshaondoka kwenda shule, begi la vitabu begani. Mama yake hakumzuia, alimwambia tu anywe uji. Kambo alipanda peke yake, akasaidiwa na dereva, akakaa juu ya magunia uso upande wa mto Luapula. Kikwembe cha machungwa hakukidai. Kilikuwa kimefungwa kifuani mwa Mwelwa, Guelor akiwa mgongoni, naye alisimama kando ya gurudumu, macho chini.

"Guelor," sauti ilitoka juu, "umwambie baba yako anakaza fundo sana. Alegeze. Katoto kanataka kupumua."

"Guelor," Mwelwa akaanza, "umwambie kambo—"

Injini iliwaka, moshi ukapita, na lori likaondoka na sikio lililokuwa likingojwa. Mwelwa alibaki na sentensi yake mdomoni. Alilegeza fundo upana wa kidole kimoja. Shavu mgongoni lilihama kutoka kulia kwenda kushoto, kichwa kikainuka, kikayumba, halafu kikatulia kabisa, kama cha mtu aliyeona alichokuwa anakitafuta. Huko nyuma kulikuwa na barabara, wauza mikate, mawingu, kitu chochote.

Hakugeuka. Alianza kutembea polepole kuelekea Makomeno, ingawa ilikuwa bado mapema sana.

"Guelor," aliuliza, macho mbele, "unaona nini kule?"