Dakika Kumi na Moja Nje ya Fiche

Kabla kengele haijalia, Madame Hortense alikuwa ameshaandika majina arobaini na matatu kwa mkono wake mwenyewe. Mkurugenzi alitaka arobaini na wanne.

Darasa lake la pili, pale Katuba, lilikuwa na watoto tisini na wanne, watano kwa kila dawati na waliobaki juu ya matofali. Lakini siku ya inspekta ilikuwa na desturi yake: walibaki hamsini tu. Wazito wa kuelewa, wale wa orodha, walipelekwa nyuma ya kanisa, wakakaa chini kwenye vumbi jekundu hadi saa sita, mlinzi akiwazunguka na fimbo. Siku hiyo walifundishwa jambo moja: kunyamaza.

"Kunapunguka moya," alisema Mkurugenzi Edouard, kidole kikiteremka kwenye orodha.

"Ni Syntiche, Monsieur le Directeur. Ule minamuacha mu classe."

"Ule mukubwa? Wa myaka tatu mu deuxième?"

"Njo ye."

Mkurugenzi aliikunja orodha mara nne. "Madame, dossier yako inalala ku bureau myaka nane. Leo Inspecteur anakuya kuiamusha. Sasa unatafuta mutoto moya akuzibie njia?"

"Atanyamaza."

"Anyamaze kabisa. Na mukono ya kushoto, asisahau."

Hilo la mikono kila mtoto wa shule ile alilijua kabla hajajua kuandika jina lake. Mwalimu akiuliza swali, wote wananyoosha mkono, ili mgeni aone msitu wa mikono. Anayejua ananyoosha wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kulia, na mgeni anaandika kwamba darasa liko hai.

Syntiche alikuwa na miaka kumi, na magoti yake hayakuingia tena chini ya dawati. Kila inspekta alipokuja, alikaa nyuma ya kanisa. Hortense mwenyewe ndiye aliyeandika jina lake mwaka juzi na mwaka jana. Asubuhi hii alilifikia, akainua kalamu, akaandika linalofuata.

Kwa miaka nane alikuwa amefundisha bila matricule, ile namba ya serikali. Mwalimu asiye na matricule hayupo. Anaingia darasani, anakohoa unga wa chaki, anafuta kamasi za watoto wa watu, lakini kwenye karatasi hayupo. Ili awepo, inspekta lazima amwone akifundisha, ampe alama, atie sahihi.

Inspekta Paulin alitarajiwa saa moja na nusu. Alifika saa tatu, viatu vimepigwa rangi hadi kwenye soli. Watoto hamsini na mmoja wakasimama, wakaimba bonjour yao. Aliketi kwenye kiti cha mwalimu, kwa kuwa hakukuwa na kingine, akaweka kwenye goti karatasi yenye kichwa cha herufi kubwa: SIFA NA MAFUNZO YA MWALIMU BORA. Chini yake kulikuwa na vipengele arobaini.

Kwanza aliomba fiche, karatasi ya maandalizi ambamo kila dakika ya somo imeandikiwa kazi yake. Akatazama kama imefunikwa kwa karatasi ya bluu. Ilikuwa imefunikwa. Akaweka alama. Akatazama tarehe ubaoni, akatazama urefu wa sketi ya Hortense, akatazama tena sketi. Akaweka alama mbili.

Somo lilikuwa kutoa. Ubaoni kulikuwa na 32 kutoa 17. Watoto walikuwa wameifanya hesabu hiyo hiyo mara tisa katika majuma mawili, kwa amri ya Mkurugenzi, na wangeweza kuijibu usingizini.

"Nani atakuya kutuambia?" aliuliza Hortense.

Msitu ukasimama. Katikati yake, mrefu kuliko yote, ulikuwepo mkono wa Syntiche. Wa kulia.

Hortense aliuona. Ilitosha kugeuza macho kidogo tu, kwenye dawati la mbele, kwa yule mtoto wa katekista aliyejua mambo ya kila mtu. Mlangoni Mkurugenzi alikohoa.

"Syntiche."

"Makumi mbili na tano, Madame."

Darasa likacheka. Mtoto wa katekista akapaza sauti, kumi na tano kwa Kifaransa, "Quinze! Ni quinze!"

"Syntiche, umepata vile namna gani?"

"Saba, minatoa mbili, inabaki tano. Tatu, minatoa moya, inabaki mbili."

"Na weye unayecheka, quinze unaitoa wapi?"

Yule mtoto alishangaa kuulizwa. "Ku tableau, Madame. Uliiandikaka jana. Na juzi."

Mkurugenzi alikohoa tena, kikohozi kirefu cha mtu mwenye kifua kizima. Inspekta Paulin hakuinua hata nyusi. Alitazama saa yake. Fiche ilisema: maswali ya uhakiki, dakika nne.

Hortense aliweka chaki chini. Kutoka kwenye mfuko wake wa sokoni akatoa vifuniko vya chupa, vimetobolewa kwa msumari na kutungwa kwenye nyuzi, kumi kwa kila uzi. Akamwita Syntiche mbele, akampa nyuzi tatu na vifuniko viwili vya pekee.

"Hii ni ngapi?"

"Makumi tatu na mbili."

"Nipe saba."

Syntiche alitazama vile viwili mkononi. Alitazama nyuzi. Akanyoosha vile viwili, akasita, akavirudisha. Darasa lilikuwa limenyamaza, si kwa fimbo. Kisha akaanza kufungua fundo la uzi mmoja kwa meno. Vifuniko kumi vikamwagika mezani, kimoja kikaviringika hadi kwenye kiatu cha Inspekta, naye akakisukuma pembeni kwa ncha ya kidole cha mguu.

Walipomaliza 32 kutoa 17, Hortense alifuta ubao na kuandika hesabu ambayo hawakuwahi kuiona: 41 kutoa 18. Watoto walipanda juu ya madawati ili waone meza. Wengi wa wale hamsini waliokuwa wakipiga kelele za quinze hawakujua waanzie wapi. Syntiche alijua. Alifungua fundo, akahesabu kwa midomo bila sauti, akasema, "Makumi mbili na tatu," kisha akarudia polepole, kwa mtoto wa katekista.

Yote hayo yalichukua dakika kumi na moja.

Inspekta alipohamia chumba cha pili, Monsieur Aimé, shemeji wa Mkurugenzi, alifundisha 32 kutoa 17. Alikuwa na diploma ya umeme, tai nyembamba, na cheti cha semina ya siku tano iliyofanyika katika hoteli moja mjini kati. Darasa lake lilijibu quinze kwa sauti moja. Alimaliza dakika mbili kabla ya wakati.

Saa saba Hortense aliitwa ofisini. Mezani kulikuwa na bukari, ule ugali wa kwao, na kuku, na Inspekta alikuwa akimalizia paja.

"Keti, Mama. Utakula?"

"Hapana, Monsieur l'Inspecteur."

"Mi mi si mutu mubaya," alisema, akilamba kidole gumba. "Tuseme kweli. Bifuniko bya bia mbele ya batoto? Bazazi batasema nini?"

"Bazazi njo banatuleteaka, Inspecteur."

Mkurugenzi alicheka, kisha akaona kwamba mgeni hacheki, akaacha.

"Na fiche. Dakika ine, unachukua kumi na moya. Conclusion hukufikia. Devoir ya nyumbani hukutoa. Fiche ni barabara, Madame. Mutu hatoke mu barabara na motokari sababu ameona mutoto mu majani."

"Hakuelewa, Inspecteur. Kisha akaelewa."

"Minaona. Macho minayo." Aliigeuza ile karatasi ya vipengele arobaini na kuisukuma mbele yake, akiacha alama ya mafuta pembeni. "Mutoto alielewa. Mi mwenyewe minasema alielewa. Sasa minaandika wapi? Nionyeshe, minakupa point."

Alisema hivyo bila kejeli. Alimpa hata kalamu.

Hortense alisoma kutoka juu. Mavazi. Sauti. Usafi wa ubao. Mgawanyo wa ubao. Kufika mapema. Heshima kwa wakubwa. Fiche. Jalada la fiche. Kufuata fiche. Picha ukutani. Alifika arobaini, akarudi juu, akasoma tena. Mkurugenzi alichokoa meno kwa kijiti na kumsubiri. Mwishowe akaiweka kalamu mezani.

"Njo vile," alisema Inspekta Paulin, na akaandika: Hafifu. "Lakini mi sikufungie mulango. Kuko formation. Siku tano, unaangalia mwalimu bora namna anafanya. Monsieur Aimé atafundisha classe yako, weye unakaa na unaandika. Anasaini liste ya présence. Ukiwa na présence tano, dossier inapanda. Ukikosa moya, tutaonana myaka ingine."

"Nitakaa wapi?"

"Ku banc, Madame. Njo kwenye banafunzi banakaaka."

Jumatatu watoto tisini na wanne walikuwepo wote. Wa nyuma ya kanisa walikuwa wamerudi kwenye matofali yao. Hortense alitafuta nafasi. Syntiche alisogea, akawasogeza wengine wanne, na Hortense akajibana ukingoni mwa dawati, magoti yakigusa ubao wa chini, daftari jipya mbele yake. Watoto wa mbele waligeuka kumtazama, wakacheka kwa aibu, wakageuka tena.

Aimé aliingia, tai ileile. "Bonjour, Mama Hortense," alimwambia kwa adabu, karibu kunong'ona, bila kumtazama usoni. Kisha akafungua kitabu cha mahudhurio, akainua sauti na kuanza kusoma majina. Kila mtoto aliposikia lake alisimama, akasema "Présent," akaketi. Alisoma tisini na wanne bila haraka. Baada ya la mwisho alivuta karatasi nyingine, yenye muhuri na jina kamili la mwalimu wao.

"Mwenya Hortense."

Katika dawati la mbele mtu alicheka, akapigwa kiwiko.

Hortense alikuwa akitazama mikono yake. Aimé alisubiri, kalamu juu ya karatasi, macho chini.

"Mwenya Hortense," alirudia.

Syntiche aliinama hadi mdomo ukagusa sikio la mwalimu wake.

"Madame, itika," alinong'ona. "Ule asiyeitika, anamupigaka."