Hoja Mbili kwa Kura Moja

Jamani, hasira zangu ziko karibu, hilo nalijua. Lakini Jumamosi ile mume wangu Mwita, mwenyekiti wa chama chetu cha Watanzania hapa Brooklyn Park, Marekani, alinichokoza mwenyewe. Alisimama akasoma hoja moja: sherehe ya kiangazi ihamie mji wa jirani wa Champlin, kando ya mto, na mikutano yote iendeshwe kwa Kiingereza. Anayekubali anyooshe mkono.

Nani atakataa kuchoma nyama mtoni? Mikono ikaanza kupanda. Baba yangu, mzee Elihuruma, aliketi mbele, koti mwilini. Kiingereza hajui. Nyumbani wajukuu wanamwelewa, ila wanamjibu kwa Kiingereza. Mkutano ule ndio mahali pekee anapozungumza akajibiwa. Roho iliniuma.

"Wee Mwita, hebu subiri!" Mbele za watu, ndiyo. Binti yetu Natasha anasoma historia ya Roma, na wiki ile alikuwa amenisimulia sheria ya Caecilia na Didia. Warumi walikataza kufunga mambo mawili yasiyohusiana katika muswada mmoja. Tena muswada ulitangazwa kwanza, zikapita siku tatu za gulio, ndipo watu wapige kura. Nikawaeleza yote. "Warumi hawakuwa wajinga. Tenganisheni!"

Walicheka sana, lakini wakatenganisha. Hoja zote mbili zikawekwa kwenye kundi la WhatsApp, tukangoja Jumamosi tatu. Siku zile simu ya baba haikupumzika. Watu walimpigia kumuuliza, mzee, wewe wasemaje? Mimi hakuniambia alichowajibu.

Siku ya kura Champlin ilipita upesi. Ilipofika ya lugha, baba akanyoosha mkono kukubali Kiingereza. Wa kwanza! Nilishindwa hata kufumba mdomo.

"Watoto wetu hukaa kwenye magari mpaka tumalize, maana kuongea Kiswahili kunawashinda," alisema. "Nataka waingie. Siku ile mlitaka kuificha lugha yangu chini ya nyama, bila kuniuliza, na niliumia. Leo mmeniuliza."

Mwita akainamisha kichwa. "Nisamehe, baba."

"Yameisha, mwanangu. Waiteni watoto."

Natasha akaja, akavuta kiti karibu na babu yake. Mkutano ulipoendelea kwa Kiingereza, akaanza kumnong'oneza sikioni kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, akikosea, akirudia. Baba alimshika mkono, akawa anaitikia kila neno.