Koti la Picha ya Bihambwe

Virginie alikuwa na miaka tisa chefu wa kijiji alipomwonyesha, mbele ya ukoo, picha ya wanaume wawili. "Mwenye kofia iko nani?" Uso ulikuwa kivulini, lakini koti la mirabaraba alilijua: ndilo alilovaa marehemu baba yake katika picha pekee iliyotundikwa kwao. "Njo papa," akasema. Mama yake, Emérita, naye alipoliona koti akaangua kilio. Basi! Baba yake mdogo, Habumugisha, aliyepeana mkono na mwenye kofia pichani, akapewa shamba lote la Bihambwe, eti picha hiyo ni ushahidi kwamba kaka yake alimwachia akingali hai. Emérita akafukuzwa na watoto wake, akaishia Shasha kuuza samaki miaka ishirini.

Virginie hakusamehe, na asamehe kwa lipi? Neno lake ndilo lililomtoa mama nyumbani. Mwaka huu, kwenye msiba wa shangazi, aliikuta picha ile sebuleni kwa Habumugisha, mwizi yule. Akaigeuza. Nyuma kulikuwa na muhuri: Foto Esdras, Mubi. Akaipiga picha kwa telefone pande zote mbili, akapanda pikipiki hadi Mubi.

Alipomtajia jina la baba yake na kumwonyesha picha, mzee Esdras alivaa miwani, akacheka. "Hii koti iko yangu, mwanangu. Mutu akikuja bila nguo ya maana, nilimuazima. Baba yako pia nilimuazima."

"Na aliyevaa hapa?"

"Njo mimi mwenyewe! Habumugisha alisema tupige souvenir ya urafiki. Muke wangu njo alifyatua."

Virginie alipomweleza kile picha hiyo ilichofanya, mzee akaacha kucheka, akaenda kupekua masanduku yake ya negatifu za filamu.

Juma lililofuata Esdras alisimama mbele ya chefu na ukoo mzima. Picha iliyofuata katika negatifu zile ilimwonyesha na koti lilelile, kofia mkononi, uso wazi, ni yeye kabisa. Chefu akaamuru Habumugisha ahame siku hiyohiyo.

"Muniache nivune maharage kwanza," akaomba. Emérita, na moyo wake ule, akataka kukubali. Virginie akamfinya mkono. Wee! Raha aliyoisikia haisemeki.

"Sasa mimi muzee hivi nitaenda wapi?"

"Uliza mama, Papa mudogo," Virginie akajibu. "Njia anaijua."